Naomba ushauri: simu ya intaneti shambani, mteja hasikiki

Salaam wakuu. Shamba la maembe na minazi, Malindi, linapokea wageni na kuuza lenyewe bila madalali. Namba ni moja, simu tatu: langoni, nyumbani na banda la kuuzia.

Simu inaita vizuri. Ikipokewa, mteja anatusikia, sisi hatumsikii. Kasi haina shida, maana kwa G.711 (mfumo wa kugeuza sauti kuwa data) simu moja hula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, na tatu pamoja hazifiki 300. Wito unapita poti (mlango wa data kwenye mtandao) namba 5060, lakini sauti ina poti zake za UDP (njia ya kutuma data bila kusubiri jibu), na ndiyo inayokwama ikirudi. SIP ALG (kipengele cha ruta kinachobadilisha ujumbe wa simu za intaneti) imezimwa, simu zinajisajili upya kila sekunde 60, bado. Kufungua poti hakusaidii: laini ni ya 4G, anwani ya IP ya nje tunagawana na wateja wengine wa mtandao.

Je, niweke VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti) ya WireGuard hadi seva yenye anwani yake, au nilipie anwani ya kudumu? Aliyejaribu VPN kwenye 4G aniambie kama sauti huchelewa.

La pili, banda liko mita 140 kutoka kwenye ruta. Waya wa mtandao wa Cat6 mwisho wake mita 100. Redio mbili za kutazamana, za kurushiana mtandao, ni rahisi, ila katikati kuna minazi, na kusi likivuma makuti yanaziba njia. Nipandishe mlingoti, au nizike faiba tu? Chumvi ya bahari nayo haisamehi viungio vya chuma.