AC ya Corolla 110 inapoa gari likitembea, kwenye foleni inatoa joto

Kibao_Kata
Wakuu, habari za majukumu. Gari ni Corolla 110 ya 1998, injini 5A, gia otomatiki, inatumika Dar. Kuanzia spidi 60 AC inapoa bila tatizo. Likisimama foleni dakika nne au tano, hasa mchana, hewa inakuwa vuguvugu. Nikiondoka inarudi yenyewe baada ya muda mfupi.

Taa ya AC haipepesi, klachi ya kompresa inakamata, mshale wa joto la injini uko katikati muda wote. Gesi imeongezwa mara mbili ndani ya miezi mitatu, na baada ya mara ya pili hali imekuwa mbaya zaidi. Feni zote mbili zinazunguka AC ikiwashwa. Ya upande wa kondensa ni ya mtumba, ilifungwa mwaka jana. Sasa nimeambiwa kompresa imechoka. Nianzie wapi kabla ya kutoa hela?

Baridi_ya_Shaba
Kompresa iache kwanza mkuu. Hiyo sentensi ya "baada ya kuongeza imekuwa mbaya zaidi" ndiyo ya kushika.

Kondensa kazi yake ni kutoa joto la gesi nje ili igeuke kimiminika. Gari likitembea, upepo wa barabarani unaifanya kazi hiyo bure. Likisimama, inategemea feni peke yake. Hewa isipopita, joto linabaki ndani ya mfumo, presha ya juu inapanda na evapureta, kile kipozeo cha ndani ya dashibodi, inakosa kimiminika cha kutosha chenye ubaridi. Ukiongeza gesi kwenye hali hiyo unajaza kimiminika ndani ya kondensa, nafasi ya kupozea inapungua, na presha inapanda tena.

Tafuta seti ya geji, zote mbili, bluu ya presha ya chini na nyekundu ya presha ya juu. Anayejaza gesi kwa geji ya bluu peke yake anabahatisha. Soma mara nne:

1. Asubuhi kabla ya kuwasha injini. Geji zote mbili zinatakiwa zilingane. Kwa R134a, gesi ya AC za magari haya, kwenye nyuzi 28 ni kama psi 90. Ukikuta karibu 150, mtu kaweka R22 ya AC za nyumbani na hapo kila kitu kinatolewa. Ila 90 haikuambii gesi iko kiasi gani: hata ikibaki nusu, geji itasoma hivyohivyo maadamu kuna kimiminika ndani.

2. Injini ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyaga mafuta), AC baridi ya mwisho, upepo wa mwisho, milango wazi, baada ya dakika kumi.

3. Vilevile lakini injini ikishikiliwa mizunguko 1500 kwa dakika. Kwa hewa ya nyuzi 30 hadi 35, mfumo usio na tatizo wa Toyota za miaka hiyo unasoma bluu psi 21 hadi 36, nyekundu 199 hadi 228.

4. Rudisha sailensa, kisha mwagia kondensa maji kwa kopo kupitia grili ya mbele, taratibu, lita tano hivi. Usirushe kuelekea kwenye distribyuta, inayogawa umeme wa plagi.

Lete namba zote.

Resi_Kidogo
Mkuu hapo juu umekimbilia kondensa mapema. Kompresa iliyochoka nayo inaonyesha dalili hizohizo: kwenye sailensa inazunguka polepole haisukumi, barabarani inazunguka haraka inajitahidi. Gari la 1998 si la jana. Asimame palepale foleni, aweke N, ashikilie 1500 kwa dakika mbili. Ikipoa, kompresa au gesi ndogo. Isipopoa, hapo nakubali ni hewa ya kondensa.

Baridi_ya_Shaba
Kipimo chako ni kizuri, na ndiyo maana namba 3 ipo. Tofauti ni kwamba geji zinasema kwa nini. Kompresa iliyochoka: bluu iko juu, nyekundu iko chini, zinakaribiana, kwa mfano 60 na 130. Gesi ndogo: zote ziko chini. Kondensa kukosa hewa au gesi kuzidi: zote ziko juu. Kuna na ya nne, ekspansheni valvu (inayopunguza presha kabla ya evapureta) au drayeri (kichujio kinachonyonya unyevu) kuziba, ambapo bluu inazama kuelekea sifuri au chini yake.

Kibao_Kata
Nimepima. Asubuhi 92 kwa 92. Sailensa saa saba mchana: bluu 52, nyekundu 340. Kwa 1500 nyekundu ilifika 380 na hewa haikupoa. Nilipomwaga maji nyekundu ilishuka hadi 210, bluu 36, na ndani ya dakika moja hewa ikawa baridi.

Resi_Kidogo
Nimekubali. Kompresa inayofikisha 380 haijachoka. Usiiache ifanye kazi kwenye presha hizo lakini, swichi ya presha inakata kwenye 455 hivi na mabomba ya mpira ya umri huo hayapendi. Kagua matundu ya kondensa. Chukua tochi, angalia pia kati ya kondensa na rejeta, huko majani na vumbi hujibana pasipoonekana kwa mbele. Osha kwa maji ya bomba la kawaida ukitokea upande wa injini. Mashine ya kuoshea magari inakunja yale mapezi, vibati vyembamba vya kondensa, na ukishayakunja umeziba mwenyewe. Kwa gari la pwani, yaguse kwa kidole: yakipukutika kama majivu, chumvi imeshayala, kondensa hiyo ni ya kubadilisha.

Swichi_Tatu
Wakuu mmeisahau feni ya mtumba. Amesema inazunguka, hakusema inavuta. Mota hizi ni za umeme wa DC, ukigeuza nyaya inazunguka kinyumenyume. Feni iko nyuma ya rejeta, inatakiwa ivute hewa kutoka mbele kuja kwenye injini. Ikisukuma kwenda mbele, gari likitembea upepo wa barabarani unaishinda, likisimama hakuna kinachopita. Na ile nyingine inaendelea kupoza rejeta, ndiyo maana mshale wa joto hausogei.

Washa AC, gari limesimama, weka karatasi ya daftari mbele ya kondensa upande wa feni hiyo. Inatakiwa inate.

Ukipima volti kwenye plagi ya feni, usishtuke ukikuta 6 au 7. Kwenye mifumo ya feni mbili za Toyota za miaka hiyo, spidi ndogo hupatikana kwa kuziunganisha feni mfululizo, zinagawana umeme. Presha ikifika kama 220 swichi inatakiwa izipandishe spidi, kila moja ipate volti kamili, 13 na kitu. Zikibaki kwenye 6 huku geji inasoma 300, tafuta relei au swichi. Volti ikiwa kamili na feni bado inajikokota, basi ni kaboni za mota, zile zinazopitisha umeme ndani yake, zimeisha.

Kibao_Kata
Karatasi imerushwa! Upande wa pili inanata vizuri. Na plagi ya feni ya mtumba imeungwa kwa kusokota nyaya.

Swichi_Tatu
Ndiyo hiyo. Geuza nyaya mbili, usisokote, zichomelee kwa risasi au tumia viungio vya kubana, kisha funika kwa mpira unaosinyaa ukipashwa moto. Feni hiyo inavuta ampea nyingi, kiungo kilicholegea kitayeyusha plagi. Baada ya kugeuza rudia karatasi. Kama haivuti kwa nguvu, panga la feni limetoka gari lingine na mapanga yake yamelalia upande usio wake. Hapo badilisha panga.

Kibao_Kata
Karatasi sasa inanata. Sailensa: bluu 42, nyekundu 260. Foleni inapoa, ila si kama zamani.

Baridi_ya_Shaba
Iliyobaki ni gesi mlizoongeza mara mbili. Usifungue valvu ukaiachia hewani kwa kukisia. Peleka kwa mwenye mashine ya kunyonya, na mwambie apime mafuta yaliyotoka pamoja na gesi, kiasi hichohicho kirudi. Mafuta ni ND-Oil 8, si ya aina yoyote iliyopo kwenye chupa. Avute vakyumu (anyonye hewa yote na unyevu) dakika 45, kwa sababu kwa unyevu wa Dar dakika kumi hazikaushi kitu. Afunge valvu, asubiri dakika 20. Mshale ukirudi, kuna mahali panavuja.

Kisha ajaze kwa mizani. Kiasi kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Gari za ukubwa huu nyingi zinachukua gramu 600 na ushee, kwa hiyo hata gramu 150 zikizidi utaziona kwenye geji. Injini ikiwaka, ajaze upande wa bluu tu, kopo likiwa wima ili iingie mvuke. Kimiminika kikiingia kwenye kompresa kinavunja valvu zake. Na geji nyekundu isifunguliwe kabisa injini ikiwaka na kopo limefungwa hapo: presha inarudi kwenye kopo na kopo linapasuka.

Kibao_Kata
Imekaa sawa wakuu. Ilitoka gramu 830, kibandiko kinasema 650. Mshale wa vakyumu haukurudi. Sasa sailensa saa nane mchana: bluu 33, nyekundu 220, kipimajoto kwenye tundu la katikati nyuzi 9. Asanteni sana.

Swichi_Tatu
Safi. Angalia na vile vifuniko vya valvu za kujazia kama vipo. Mafundi huvisahau, na pini ya ndani ikipata vumbi inaanza kuvuja kidogokidogo. Ndani ya kifuniko kuna oringi, mpira wa duara wa kuziba, kwa hiyo cha plastiki cha tairi hakifai.