Bruchi ya Kirumi ukiiokota shambani Uingereza, ni yako uuze au lazima uripoti?

Wadau hili tulijadili bila kuvimbiana. Uingereza mtu ana ditekta yake ya kutafutia vyuma ardhini, wikendi anazunguka mashambani kwa ruhusa ya mwenye shamba, mashine inalia, anachimba kidogo anakutana na bruchi ya Kirumi, yaani kile kibizimu cha shaba cha kushikizia joho begani, kina enameli ya bluu na nyekundu, umri miaka 1800 hivi. Sasa kisheria hiyo sio hazina! Sheria ya Hazina ya 1996 inambana kama kitu kimoja kina miaka 300 au zaidi na angalau asilimia 10 ya dhahabu au fedha, hapo ana siku 14 za kuripoti, ila bruchi nyingi ni shaba tu kwa hiyo anatia mfukoni na kesho iko mnadani. Mimi nasema kuripoti iwe lazima, kitu abaki nacho mwenyewe.

— Acha hizo mkuu. Mwenye shamba karidhia, wamekubaliana nusu kwa nusu, serikali inaingiaje hapo? Bruchi za hivyo ziko kibao, na zikiachwa ardhini jembe la trekta linazivunja na mbolea inazila. Aliyeiokoa ndo mumgeuze mwizi?

Nani kasema mwizi? Soma vizuri. Mimi sililii shaba, nalilia pale ilipotoka. Chukua zile bruchi zenye umbo la mtu kapanda farasi, ukiwa nayo moja kiganjani utasema pambo tu limeisha, lakini watu walipoandika kila moja imetoka wapi ikaonekana nyingi zinajikusanya kwenye maeneo ya mahekalu, hata wale waliokuwa wanatafuta uwanja wa vita vya Bosworth vya 1485 walizikuta nyingi sehemu moja kwenye eneo la hekalu la Kirumi, kumbe huenda waumini walikuwa wanaziacha pale kama nadhiri. Hiyo habari haimo ndani ya bruchi, imo kwenye shimo ilikotoka, ukishauza bila kusema shimo liko wapi basi imekufa.

— Mbona mpango wa kuandikisha vitu vinavyookotwa upo tangu 1997 na ni wa hiari, na vitu vilivyoandikwa vimepita milioni 1.5? Watu wanapeleka wenyewe bila kushikiwa fimbo. Ukileta ulazima wataficha.

— Naingilia. Scotland, ambako hiyo sheria ya 1996 haifiki, vitu vya hivi ni mali ya Taji, yaani dola, vya shaba vimo, unaripoti na wakivichukua unapewa zawadi. Na England nao wameshaona aibu, ile kofia ya mpanda farasi wa Kirumi ya Crosby Garrett iliyookotwa Cumbria 2010 ilikuwa ya shaba, haikuwa hazina, ikauzwa kwenye mnada wa Christie's zaidi ya pauni milioni 2 na makumbusho ya Carlisle wakabaki wanatoa macho. Ndo maana 2023 wakaongeza kipengele cha vitu vyenye umuhimu wa kipekee.

Kipekee, ndo hapo sasa! Bruchi ya kawaida haitaingia humo hata siku moja, na hizo za kawaida ndo zinatuambia watu wa kawaida walivaaje, mwanamke alibana nguo mabegani na mbili zimeunganishwa kwa mnyororo, ofisa wa karne ya 4 alijulikana kwa ile kubwa yenye umbo la upinde wa mishale. Tunakimbilia kofia tu.

— Sawa, tuseme lazima. Nani ataziandika zote? Maofisa wenyewe wachache, utakaa miezi kitu chako kiko kwenye boksi la mtu.

Hapo umenibana, sikatai. Basi tuanzie sokoni, kila kitu kikiandikishwa kinapewa namba, bruchi isiyo na namba mnada usiipokee. Asiyeuza akae nayo kabatini, huyo sina ugomvi naye sana.

— Na iliyookotwa 1985 kabla ya hizo namba je?