Mrejesho: lile gari nililouliza

Wakuu, niliuliza kama ada ya leseni ya gari ya miaka ya nyuma itaniangukia mimi ninayenunua gari mkononi mwa mtu hapa Tanga. Asanteni sana, mlinitoa gizani: ada ile ya kila mwaka ilifutwa 2017, ikahamishiwa kwenye mafuta. Kumbe cha kuogopa ni faini za barabarani, zinakaa kwenye namba ya gari. Tuliketi na muuzaji kibarazani Chumbageni, tukaingiza namba kwenye simu: zikatoka nne, zote za mwendokasi. Akataka tugawane. Nikakataa katakata. Kalipa mbele yangu, na risiti ninazo. Mkataba umeshagongwa muhuri kwa wakili, kesho asubuhi TRA kubadilisha umiliki.