Diski "haionekani" si diski iliyokufa: acheni kuwaharibia watu data zao

Wakuu, huu ni uzi wa hasira na sitaupoza.

Mtu anakuja na swali la kistaarabu: kompyuta ya mezani ya zamani, imewaka, diski haionekani, afanyeje? Majibu yanayomwagika ni yaleyale. "Imekufa hiyo, tupa." "Ifomati." "Piga fdisk /mbr halafu uwashe tena" (amri ya DOS inayoandika upya msimbo wa kuanzishia ulio mwanzo wa diski). Hakuna anayemuuliza mashine ni ya mwaka gani, diski ina ukubwa gani, skrini imeandika nini. Huo si ufundi, ni kupiga ramli, na anayeilipia ramli hiyo ni mwenye data zake.

Na kabla hajatokea wa "kwani usinunue mpya?": mashine nyingi za aina hii bado ziko kazini kwa sababu zimebeba kadi ya ISA (aina ya kale ya kadi za kuchomeka) inayoendesha mtambo fulani, na programu ya mtambo huo iko ndani ya diski hiyohiyo mnayotaka ifomatiwe. Kaeni nalo hilo.

Sasa, "haionekani" na nani? Kuna BIOS (programu iliyo kwenye mazabodi, yaani bodi kuu, inayoamka kwanza ukiwasha) isiyoiona diski kabisa. Kuna BIOS inayoiona ila inadanganya ukubwa wake, au inaganda ikiitafuta. Na kuna BIOS inayoiona sawasawa, ila DOS (mfumo wa uendeshaji wa kabla ya Windows) au Windows ndiyo inayosema haipo. Ni maradhi matatu, na dawa ya moja ni sumu kwa jingine. Anayejibu bila kujua ni lipi anyamaze.

Tuanze na BIOS isiyoiona kabisa. Kitu cha kwanza ni sikio. Inazunguka au haizunguki? Kama haizunguki, usikimbilie kusema mota imeungua, pima umeme kwanza. Kwenye plagi ile ya pini nne, njano ni volti 12, nyekundu ni 5, nyeusi mbili ni ardhi. Pima diski ikiwa imechomekwa, maana pawasapulai iliyochoka husoma vizuri ikiwa haina mzigo na kuporomoka ukiipa kazi. Njano iwe kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25. Mota inakula kwenye njano, saketi zinakula kwenye nyekundu. Ndiyo maana unaweza kuona taa imewaka na diski imelala: 5 ipo, 12 haitoshi. Hapo diski haina kosa lolote.

Kama inazunguka halafu inagonga tak-tak-tak kwa mpigo uleule, zima. Vichwa havizioni alama za kujiongozea. Kila ukiwasha upya unapunguza nafasi ya kuokoa kitu. Hili ni moja ya mambo machache ambapo "imekufa" inakaribia kuwa kweli.

Inazunguka kwa utulivu lakini BIOS kimya? Angalia kebo ya data, na uiangalie kwa macho, si kwa kuibonyeza tu. Kebo za zamani za pini 40 nyingi hazikuzibwa tundu namba 20, kwa hiyo zinaingia hata zikiwa zimegeuzwa. Ukiigeuza, pini 1 ya upande mmoja inakutana na pini 40 ya upande wa pili. Pini 1 ni laini ya kuanzisha upya, pini 40 ni ardhi. Maana yake diski inashikiliwa kwenye kuanzisha upya milele, haiwezi kujibu hata ikiitwa mara mia. Taa ya diski kuwaka moja kwa moja bila kupepesa ni dalili ya kawaida ya kosa hili. Mstari mwekundu wa kebo ukae upande wa pini 1, ambao kwenye diski nyingi ndio ulio jirani na plagi ya umeme. Sekunde kumi za kazi, na diski iliyokuwa imeshahukumiwa inarudi hai.

Kebo ya nyaya 80 ina utaratibu wake: bluu kwenye mazabodi, nyeusi ya mwisho ni master (diski ya kwanza), kijivu cha katikati ni slave (ya pili). Isizidi sentimita 46 hivi. Ukichomeka kebo kinyume, nyeusi kwenye mazabodi na bluu kwenye diski, inaweza hata kubuti, ila utambuzi wa kasi unavurugika na makosa yanakuja na kuondoka kama homa. Hayo ya kuja na kuondoka ndiyo yanayomfanya mtu aape kwamba diski ni mbovu.

Jampa sasa, kile kifuniko kidogo kinachounganisha pini za nyuma ya diski kuchagua master au slave. Hapa ndipo naudhika zaidi, kwa sababu maelekezo yamechapishwa juu ya diski yenyewe na watu hawasomi. Diski mbili kwenye kebo moja zote zikiwa master, au zote slave, hakuna itakayoonekana, au itaonekana moja yenye jina la ajabu. Cable select (kuiachia kebo iamue nani master) nayo inahitaji kebo inayoikubali. Na zipo diski za Western Digital zenye hali tatu badala ya mbili: ikiwa peke yake kwenye kebo, ikiwa master yenye mwenzake, na ikiwa slave. Ukiiweka master yenye mwenzake huku haina mwenzake, inaweza kukaa ikimsubiri slave asiyekuwepo, na BIOS inachoka kusubiri. Ikiwa peke yake, toa jampa. Basi. Ni watu wangapi wametupa diski nzima kwa sababu ya kipande cha plastiki kidogo kuliko punje ya mchele?

Jambo jingine linalopuuzwa: diski haionekani ukiwasha asubuhi, lakini ukibonyeza Ctrl+Alt+Del inaonekana. Hiyo si bahati. Diski ya zamani inachelewa kufikia mwendo wake, na BIOS imewekwa kukimbia. Zima Quick Boot, washa ukaguzi wa kumbukumbu wote, au kama BIOS ina kipengele cha kuchelewesha diski, kipe sekunde chache. Ikiwa ucheleweshaji unaongezeka kila wiki, nakili data mapema.

Betri. Mazabodi za miaka ya mwanzo ya 1990 na kabla yake hazijui kuitambua diski zenyewe. Ziliambiwa silinda, vichwa na sekta zikaandika kwenye CMOS (kumbukumbu ndogo ya mipangilio inayotunzwa na betri). Betri ikifa, zinasahau, na diski inageuka "None". Ingia BIOS, chagua aina ya 47 au ile ya mtumiaji, andika namba zilizo kwenye lebo ya diski. Ukikuta betri ya pipa la nikeli-kadmiamu imelehemiwa kwenye bodi, angalia kama imevuja: maji yake hula njia za shaba, na hapo hata kontrola inaweza kukatika. Nyingine zina chipu ya Dallas DS1287 au DS12887 yenye betri ndani yake, kwa hiyo huoni betri popote. Hiyo inabadilishwa chipu nzima.

Kama kuna kadi ya IDE (muunganisho wa zile kebo za pini 40) imeongezwa na mazabodi nayo ina IDE yake, zote mbili zinagombea anwani 1F0 na IRQ 14 (laini ya kuiita prosesa). Zima mojawapo. Kadi za sauti za zamani zenye soketi ya CD nazo zichunguzwe, kwa sababu soketi ile mara nyingi ni IDE kamili.

Tuje kwenye BIOS inayodanganya. Namba hizi za mipaka ya ukubwa wa diski zingebandikwa juu ya jukwaa tukapumzika. MB 528 (silinda 1,024, vichwa 16, sekta 63) kwa BIOS zisizotafsiri hesabu hizo. GB 2.1 kwa zile zinazoishia silinda 4,095 au 4,096. GB 8.4 kwa zisizo na nyongeza za INT 13h (huduma ya BIOS ya kusoma na kuandika diski). GB 33.8 kwa BIOS nyingi za Award za kabla ya katikati ya 1999. GB 137 kwa kila kinachotumia LBA (kuzihesabu sekta kwa namba moja mfululizo) ya biti 28.

Ile ya 33.8 ndiyo katili. Mashine haisemi "diski kubwa mno", inaganda palepale inapoitafuta, na mtu anaapa kwamba diski imeichoma mazabodi. Ichomoe, mashine inaendelea kama kawaida. Dawa ni BIOS mpya kama ipo, au jampa ya kupunguza ukubwa ambayo watengenezaji wengi waliweka ili diski ijitangaze kuwa ya GB 33.8 hivi, au kadi ya PCI (aina ya kadi iliyofuata ISA) ya IDE yenye BIOS yake. Kwa mashine za ISA kuna XTIDE Universal BIOS, BIOS ya diski ya kuongezea: unaichoma kwenye EEPROM (chipu ya kumbukumbu inayoandikika) na kuiweka kwenye soketi ya ROM ya kadi ya mtandao. Hiyo ni kazi safi kuliko ujanja wowote wa programu.

Ya 137 nayo haichezewi. Windows 98 haina LBA ya biti 48, XP inaanzia SP1 (kifurushi chake cha kwanza cha marekebisho). Ukiipa Windows 98 diski ya GB 160 itaandika kwa furaha hadi ivuke mpaka, kisha inarudi kuandika mwanzo wa diski, juu ya faili zako. FDISK yake ya asili (programu ya kugawa diski) nayo inapotea njia baada ya GB 64: diski ya GB 80 inakuonyesha kumi na ushei. Diski si mbovu, ni FDISK isiyojua kuhesabu.

Halafu, kwenye lile la tatu, BIOS inayoiona diski sawasawa, kuna hili ambalo limemaliza data za watu wengi. Mashine ilikuwa inafanya kazi, betri ikafa, ikabadilishwa, sasa BIOS inaiona diski kwa jina lake lakini skrini inaandika "Missing operating system". Washauri wetu: fomati! Jamani, BIOS imerudi kwenye Auto na kuchagua LBA, ilhali diski ilifomatiwa ikiwa Normal au Large (njia nyingine za BIOS za kuhesabu anwani). Data zipo zote, ila anwani zinasomwa kwa lugha nyingine. Badilisha hali moja baada ya nyingine, Normal, Large, LBA, na kila mara buti kwa flopi ya DOS uandike dir c:. Kubadilisha hali kwenye BIOS hakuandiki chochote kwenye diski. Ukiona majina ya faili yamegeuka takataka, usiguse, rudi ujaribu hali nyingine. Kinachoua hapo ni FDISK na FORMAT, na SCANDISK (programu ya kukagua diski) ikiruhusiwa kurekebisha.

"NO ROM BASIC" nayo mara nyingi inamaanisha tu hakuna partisheni (sehemu iliyogawanywa ya diski) iliyowekwa kuwa hai. FDISK, chaguo la 2, umemaliza.

Haraka haraka na mengine: diski ya SATA (muunganisho uliofuata IDE) ya 3 Gb/s kwenye mazabodi yenye chipu ya VIA VT8237 mara nyingi haionekani mpaka uifunge kwa 1.5 Gb/s kwa jampa yake. Adapta nyingi za USB hazijui kuongea na diski za kale zisizo na LBA, kwa hiyo "niliichomeka kwenye USB haikuonekana" si ushahidi wa kifo. Kuiweka diski kwenye friza ni kuitafutia unyevu juu ya sahani. Kubadilisha bodi ya chini kwa nyingine inayofanana kulikubalika kwa diski za zamani zaidi, ila kwa za baadaye ni lazima uhamishe na chipu ya ROM. Na yule anayewaambia watu wapige low level format (kuandika upya alama za sekta) kwenye IDE: amri ya g=c800:5 ilikuwa ya diski za MFM na RLL, za kabla ya IDE, zenye kebo mbili, ya pini 34 na ya pini 20. Alama za IDE ziliwekwa kiwandani, na baadhi ya IDE za mwanzo ziliharibika moja kwa moja kwa ukorofi huo.

Ukiuliza, leta haya: aina ya mazabodi na tarehe ya BIOS, lebo ya diski yote, jampa ilivyo, maneno ya skrini herufi kwa herufi, na kama inazunguka. Bila hivyo tusijibu.

NYONGEZA, kwa aliyeuliza kosa la fdisk /mbr liko wapi: Diski nyingi zilizowekwa kwenye BIOS zenye mipaka midogo ya ukubwa ziliwekewa Ontrack Disk Manager au EZ-Drive, programu inayokaa mwanzo wa diski na kuamka kabla ya DOS. fdisk /mbr inaifuta ile sehemu inayoiamsha, na partisheni zote zinaonekana kutoweka. Mkuu, ukiwa umeshafanya hivyo, usiandike kitu kingine. Ihamishie kwenye mashine ya Linux, chukua nakala: ddrescue -d -n /dev/sdX diski.img diski.map, halafu rudia kwa -d -r3 kama kuna sekta zilizogoma. Kisha tazama aina ya partisheni kwa fdisk -l. Ukikuta 54, ni Disk Manager, na diski yote imesogezwa sekta 63 mbele. 63 mara 512 (baiti za sekta moja) ni 32256, kwa hiyo ifungue nakala kuanzia hapo: losetup -r -P -o 32256 -f diski.img. Jedwali la kweli linatokea hapo, lenye aina 06 au 0B, partisheni za kawaida za DOS na Windows. Ukikuta 55 ni EZ-Drive, ambayo husogeza sekta ya kwanza peke yake, na jedwali la kweli utalikuta kwenye sekta inayofuata.