Mtaa gani wa Dar es Salaam unamfaa anayetumia kitimwendo?

Mgeni wa Dodoma
Ndugu zangu, nahamia Dar es Salaam kikazi na ofisi yangu itakuwa Posta. Natumia kitimwendo cha kusukuma kwa mikono na nitaishi peke yangu. Dalali alinihakikishia kwamba nyumba moja ya Kimara haina ngazi. Nilipofika, nilikuta ngazi tatu barazani na mlango wa choo ambao kiti changu, chenye upana wa sentimita 66, kiligoma kupita. Naomba mnishauri mtaa wenye ardhi tambarare na usafiri wa uhakika.

Mpangaji wa Upanga
Pole sana. Dalali akisema "haina ngazi", mara nyingi anamaanisha kwamba si ghorofa. Kimara ni vilima, hivyo hata nyumba ingekufaa, njia ya kutoka kituoni ingekutoa jasho. Mimi pia natumia kiti na ninaishi Upanga, ambako ni tambarare na Posta si mbali, ingawa kodi ni kubwa, sikufichi. Maghorofa mengi ya zamani hayana lifti. Penye lifti, uliza kama jenereta huiendesha umeme unapokatika, maana niliwahi kukaa chini na mlinzi hadi saa nne usiku nikisubiri umeme urudi.

Mkazi wa Sinza
Fikiria Sinza pia, kwa kuwa viwanja vyake vilipimwa na mitaa imenyooka. Kero ni mitaro ya wazi iliyo kati ya barabara na geti, kwa hiyo kagua kivuko cha kila nyumba, ikiwezekana siku ya mvua. Bajaji itakufikisha kituo cha mwendokasi cha Shekilango, ambako jukwaa limelingana na sakafu ya basi, ila asubuhi msongamano ni mkubwa mno.

Fundi Mwashi
Nenda na futi. Mlango uwe na nafasi ya sentimita 80 au zaidi, na kila sentimita moja ya kimo cha ngazi idai sentimita 12 za urefu wa mteremko wa kupitisha kiti. Ngazi tatu za sentimita 15 zinahitaji mteremko wa mita 5.4, na mwenye nyumba akikubali ujengwe, aandike kwenye mkataba.

Mgeni wa Dodoma
Nashukuru. Kutoka baraza lile hadi getini hapazidi mita tatu, basi Kimara nimeiacha. Jumamosi nitaanza na Sinza, na futi nitaishika mwenyewe.