Ushauri: mdogo wangu kamaliza msimu wa 5 wa tamthilia ya Lucifer, nimwambie aishie hapo?

Wakuu habari za muda huu. Naombeni ushauri, na kama hujamaliza Lucifer, ile tamthilia ya shetani anayesaidia polisi, tafadhali pita mbali na huu uzi maana nataja mambo hadi mwisho.

Iko hivi, mimi nilishaimaliza yote, episodi 93, na ule mwisho uliniuma kiasi kwamba nilikaa siku kadhaa sina hamu ya kuangalia kitu kingine. Mdogo wangu wa kike akanisikia navyoisifia akaanza kuiangalia, nikawa nakaa naye kila jioni narudia upya. Juzi tumemaliza msimu wa 5. Pale Chloe, yule polisi anayependana na Lucifer, anauawa, Lucifer anamfuata mbinguni huku anajua kabisa atateketea, anamrudisha uhai, halafu anashuka na malaika ndugu zake wanaanza kupiga magoti. Mdogo wangu alikuwa kakumbatia mto, machozi yanamtoka huku anacheka, akanigeukia akasema dada hii ndio tamthilia nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Kisha akauliza, kesho tunaanza wa 6 eeh?

Nikamwambia kesho nitakuwa nimechoka. Sikuwa na jibu lingine.

Sio kwamba siwezi mwisho wa huzuni, Dan, aliyekuwa mume wa Chloe, alipokufa nililia lakini nilikubali. Ninachoshindwa kukubali ni mambo ya Rory, binti wa Lucifer na Chloe anayekuja kutoka wakati ujao. Misimu mitano mizima tunaambiwa Lucifer ana donda kwa sababu baba yake alimtupa na hakumweleza chochote, halafu mwishoni yeye mwenyewe ndio anaondoka kabla mwanae hajazaliwa, eti kwa sababu binti kamwekesha ahadi asibadilishe kitu. Anaenda kuzimu kuzitibu roho za watu, Chloe analea mpaka anazeeka na kufa. Jamani ana mabawa yule! Alishindwa nini kwenda asubuhi akarudi jioni?

Na kumbukeni msimu wa 5 ndio uliopangwa uwe wa mwisho, ule wa 6 ulikuja kutangazwa Juni 2020. Ndio maana naona nikimwambia aishie hapo sitakuwa nimemdanganya sana. Nimwambie, nimwache aangalie, au nimwandae kwanza?

mpenda_komiki: Mleta mada pole, ila mimi nitakupinga. Nilisoma zile komiki kabla ya kuangalia, toleo la Mike Carey, lilitoka kuanzia 2000 mpaka 2006, namba 75. Mle hakuna Chloe, hakuna polisi, hakuna kesi ya kila wiki, Amenadiel ni adui wa kweli sio kaka wa kukumbatiana. Lucifer wa mle ni mbaridi kweli, hataki kudaiwa na mtu wala kumtegemea mtu, na mwisho wake anaondoka nje ya uumbaji wote, peke yake. Mimi nilienda msimu wa 6 nikijua hivyo, kwa hiyo ule mlango wa kuzimu ulipofunguka na Chloe akawa amesimama pale nilishukuru sana. Kwa mara ya kwanza Lucifer hakuachwa peke yake. Mwache mtoto aangalie.

kijiti_cha_usiku: Usimkatishe aisee. Sisi wengine tunakumbuka Mei 2018, Fox, kituo cha TV kilichokuwa kinairusha, walitangaza kuifuta tarehe 11 halafu siku tatu baadaye ikarushwa episodi ya mwisho ya msimu wa 3, Chloe anaona uso halisi wa shetani, screen inakuwa nyeusi, basi. Hatujui ataogopa au atamkubali. Watu waliandika #SaveLucifer dunia nzima usiku kucha na mimi nikiwemo, mpaka Juni 15 Netflix wakatangaza wameichukua. Tulipigania iwe na mwisho. Sasa kumpa mtu tamthilia ile ikiwa imekatwa ni kumrudisha kwenye yale yale yaliyotuumiza. Mwisho mbovu una afadhali, unaweza kuugombania na watu, lakini mwisho usiokuwepo unafanyaje?

nana_wa_lux: Mimi niko upande wa dada. Na umesahau Trixie, mtoto wa Chloe na Dan! Chloe anakata roho kitandani, Rory yupo pale, Trixie hayupo, wala hakuna hata neno moja la kusema yuko wapi. Yule mtoto tumemwona tangu episodi ya kwanza, kampoteza baba, halafu mama anakufa hawakumpa hata dakika. Hilo siwasamehe.

kijiti_cha_usiku: @nana_wa_lux hapo kwenye Trixie sina utetezi, umesema kweli kabisa.

mzigo_mwepesi: Dada mbona unajipa shida, hii ni tamthilia tu, mwache aangalie maisha yaendelee.

Mleta uzi: Nashukuru kwa wote. Mkuu mzigo_mwepesi sijachukia, ila labda sikueleza vizuri. Baba yetu aliondoka nyumbani mdogo wangu akiwa hajaanza shule. Mimi namkumbuka, yeye hamkumbuki. Amekua akiambiwa na ndugu kwamba baba alikuwa na sababu zake, na kila akiambiwa hivyo ananyamaza siku nzima. Sasa nimpeleke kwenye hadithi ambayo baba kuondoka kunaonyeshwa kama tendo la upendo, mtoto mwenyewe anashukuru na anasema asingetaka iwe vinginevyo? Naogopa atasikia wale ndugu wanaongea tena.

mzigo_mwepesi: Nisamehe dada. Sikujua.

kimya_kingi: Huwa nasoma tu humu siandiki ila hii imenigusa. Mimi pia nililelewa na mama peke yake na msimu wa 6 niliuangalia mara mbili. Mara ya kwanza niliuchukia kwa sababu hiyo hiyo yako. Mara ya pili nikamwangalia Rory wa mwanzo, kabla ya mambo ya ahadi. Anavyoingia na hasira, mabawa yake yana makali kama visu, na hakuna anayemwambia anyamaze au amwelewe baba kwanza. Mimi sikuwahi kuruhusiwa kukasirika hivyo mbele ya watu wazima. Mwisho bado siupendi, ila zile hasira zilinisaidia kuliko maneno yote niliyoambiwa. Kuna na Dan, anapata kuongea na binti yake akiwa ndani ya mwili wa mtu aliyemuua, binti hajui ni baba, lakini anapata kujua alipendwa. Ukimfungia msimu wa 6 unamnyima na hiyo.

Ushauri wangu, usimwandae kwa kumsimulia. Mwambie tu kuna jambo la mzazi anayeondoka, akitaka kusimamisha msimamishe. Na msiangalie zile mbili za mwisho usiku mkiwa mmechoka. Kaa naye, usimwache aangalie peke yake.

mpenda_komiki: Sikiliza huyo wa juu, mimi niliongea ya vitabu.

nana_wa_lux: Nimebadilisha kura. Ila kwenye Trixie nabaki pale pale.

Mleta uzi: Wakuu narudi na mrejesho. Nilimwambia kama kimya_kingi alivyoshauri, akasema sawa. Jana tumeangalia tatu. Alipotokea Rory na kusema baba yake hakuwahi kuwepo hata siku moja, mdogo wangu akachukua rimoti akasimamisha. Nikajua tumeishia hapo. Akakaa anaiangalia ile sura ya Rory kwenye kioo, kisha akasema ana haki huyu. Halafu akaniuliza, dada na wewe bado una hasira na baba? Miaka yote hii hajawahi kuniuliza.

Tumeongea mpaka saa nane usiku, rimoti iko mkononi mwake na Rory kaganda pale pale. Leo jioni tunaendelea na ya nne.