Ulinganisho: duka la vipuri Tanga, nichukue programu ya Play Store, PWA, au nibaki na WhatsApp?

MchuuziNgamiani
Wakuu, salaam. Nina duka la jumla la vipuri vya pikipiki hapa Ngamiani. Wateja wangu wengi ni mafundi na wenye viduka wa Muheza, Pangani, Korogwe, mpaka Lushoto kule juu. Kwa sasa kila kitu ni WhatsApp. Fundi anapiga picha kipuri kilichokufa, namtajia bei, tunavutana, analipa kwa Lipa Namba, mzigo naupandisha kwenye basi. Saa nne usiku bado najibu "ipo?" na "shingapi?".

Vijana wawili wamenifuata. Mmoja anataka kunitengenezea programu ya Android na ya iPhone. Wa pili anasema anijengee PWA, yaani tovuti ambayo mteja anaibandika kwenye simu ikakaa kama programu. Bei yake haifiki theluthi ya mwenzake, na mimi kitu kikiwa rahisi hivyo huwa nakitilia shaka. Nipeni uzoefu.

Msimbo_Chumbageni
Mkuu, urahisi wake hautokani na ubovu. Jina la PWA lilianza kutumika mwaka 2015, waliolitoa ni Alex Russell wa Google na mbunifu Frances Berriman. Ni tovuti kama tovuti nyingine, ila inapita kwenye HTTPS, yaani njia salama ya mtandao, ina faili dogo linaloiambia simu jina na ikoni yake, halafu kuna kipande cha msimbo kinachokaa katikati ya tovuti na mtandao. Hicho cha mwisho ndicho chenye kazi. Mteja akiingia mara ya kwanza, kinaweka kurasa na picha kwenye simu yake. Siku mtandao ukikata huko Lushoto, orodha yako bado inafunguka.

Ukienda njia ya programu, Google wanataka dola 25 mara moja, Apple dola 99 kila mwaka. Akaunti binafsi mpya ya Google inakulazimu kwanza utafute watu 12 waijaribu kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuitoa kwa umma. Lakini hizo si pesa za kumuumiza mtu mwenye duka la jumla. Utaumia kwenye matunzo: unakuwa na programu mbili, na kila ukibadilisha kitu unalipa mara mbili.

BintiRaskazone
Kaka Msimbo, unavutia upande wako. Hiyo ya kulipa mara mbili ni hadithi ya zamani. Flutter, zana ya kutengenezea programu, inatoa Android na iPhone kutoka kwenye kazi moja. Na hujamwambia shida ya iPhone: Safari, kivinjari cha iPhone, haimwulizi mteja kama anataka kuisimika. Lazima mwenyewe abonyeze alama ya kushirikisha, ateremke, atafute "ongeza kwenye skrini ya kwanza". Ukimpa mtu maelekezo marefu hivyo umeshampoteza. Arifa nazo kwenye iPhone zimekuja na toleo la mfumo wake, iOS 16.4, mwaka 2023, na hazifanyi kazi mpaka awe ameshaibandika.

Kingine, ukiweka linki yako Instagram, inafunguka humohumo ndani ya Instagram. Hapo hakuna pa kusimika kitu.

GirisiMuheza
Naomba kuchangia, mimi ndiye huyo fundi mnayemjadili.

Simu yangu ina GB 16. Niliwahi kushusha programu ya duka moja la jumla, si la Tanga, ilikuwa MB 60 na kitu. Wiki ya pili simu ikaandika hifadhi imejaa. Nikaanza kuangalia nifute nini. Picha za mtoto sifuti. WhatsApp sifuti. Ikaondoka ile programu. Tanga yetu ni waja leo waondoka leo, na programu kwenye simu za mafundi ni hivyohivyo.

Mnasahau pia tunavyofanya kazi. Mikono ina girisi, kioo kimepasuka, nafungua simu kwa kidole kidogo kwa sababu ndicho kisafi. Nataka nione klachi pleti ya Boxer ni shingapi, ipo au haipo, basi. iPhone sijaiona kwa fundi yeyote hapa stendi.

Swali: mimi natumia kivinjari cha Opera Mini ili bando lisogee. Hiyo PWA itakubali?

Msimbo_Chumbageni
@GirisiMuheza orodha utaiona, lakini kama tovuti tu. Opera Mini haikiendeshi kile kipande nilichokieleza, kwa hiyo mtandao ukikata huna kitu. Utahitaji Chrome. Mleta uzi, mwambie kijana wako asijenge kitu kinachogoma kabisa kwenye Opera Mini, utapoteza wateja bila kujua.

@BintiRaskazone nakubali ya iPhone. Ya Flutter nakubali nusu: gharama inapungua, lakini MB za huyu bwana hazipungui.

NguruWaDeepSea
Yakhe, mimi nimeshapita huko. Nanunua samaki pale soko la Deep Sea alfajiri, nasambaza kwa hoteli na mama lishe. PWA ninayo mwaka wa pili.

Nikupe aibu yangu. Bei ya nguru inabadilika kila kunapokucha. Siku moja mteja kaja na simu mkononi, bei inasoma ya juzi. Nikamwambia imepanda. Akanigeuzia kioo: "Si umeandika mwenyewe?" Nikamuuzia kwa hasara, ningefanyaje? Kumbe kijana aliyeijenga aliifanya simu ihifadhi kila kitu, bei pamoja na picha, na iwe inasoma kilichohifadhiwa kwanza. Tulirekebisha hivi: picha zitoke kwenye simu, maana nguru hajabadilika sura, lakini bei iulizwe mtandaoni kwanza. Mtandao usipokuwepo, bei inatokea na maandishi mekundu ya tarehe na saa ilipochukuliwa. Hilo mwulize kijana wako kabla hujampa hata senti.

Malipo hayana tabu. Mteja akibonyeza lipa, kisanduku cha namba ya siri kinamtokea kwenye simu kama alivyozoea. Oda akiiandika bila mtandao, kwenye Android inasubiri na kwenda yenyewe mtandao ukirudi. Kwenye iPhone mpaka aifungue tena.

Na WhatsApp usiiue. Mimi nimeweka kitufe chake chini ya kila samaki. Wanaona bei kule, wanakuja kuvutana huku. Mtu wa pwani umuuzie bila kuvutana? Hatarudi.

MchuuziNgamiani
Nashukuru sana. Hiyo ya bei imenishtua, maana tairi na tyubu zinapanda bila taarifa.

Kuna aliyenishauri faragha nitumie katalogi ya WhatsApp Business, ni bure. Nimeijaribu, mwisho wake bidhaa 500. Mimi plagi, keble na taa peke yake zinanifikisha mbali, bado sijagusa injini. Na fundi hawezi kutafuta kwa aina ya pikipiki, anateremsha tu mpaka achoke.

BintiRaskazone
Basi kwa wateja wako PWA, sina ubishi. Ila nasikia una mpango wa kununua pikipiki zako za kupeleka mizigo mjini. Ukitaka kumfuatilia dereva alipo huku simu yake iko mfukoni imezimwa kioo, PWA haiwezi, hapo utahitaji programu kamili. Lakini ni kwa madereva wako wachache. Unawawekea mwenyewe mkononi, hata Play Store huendi.

MchuuziNgamiani
Dada, umenipunguzia mzigo. Namwita yule wa pili kesho. Naanza na vipuri vya Boxer na TVS, vingine vitafuata.

GirisiMuheza
Sawa, ila usinipigie picha ya mbele peke yake. Piga na nyuma ya kipuri, ndiko namba ilikoandikwa.